Kabila Zima Limefeli

Shule ya mkataba, inayoendeshwa na watu binafsi kwa fedha za serikali, alama zikishuka hufungwa. Ndiyo maana shule aliyosoma msichana Pa Nhia, pale Detroit, Marekani, ilibandika ukutani mchoro wa alama za kila kabila. Mstari wa kijani ulikuwa wa Wahmong, watu wenye asili ya milima ya Laos, na Mhmong alikuwa yeye tu. Akikohoa yeye, kabila zima limekohoa.

Alipotoka kumzika bibi yake, siku nne za ngoma za msiba na kukesha, alifanya mtihani huku anasinzia. Kijani kikaporomoka.

“Shoga, taifa zima mmefeli!” rafiki yake Deja akamcheka.

Mkuu wa shule husoma ukuta, hasomi watu. Akaamuru Wahmong wote wabaki jioni kwa masomo ya ziada.

Mwalimu wa zamu akapanga viti, akatazama mlangoni.

“Wenzako wako wapi, binti?”

“Tumefika sote, mwalimu.”

Mwalimu akafunga mlango.