Safu ya Maelezo

Mzee niliyefanya naye kazi aliniuliza swali moja tu, nami nikamjibu uongo. Ningetaka kujitetea ningesema akili ilikuwa imevurugwa na msiba, lakini haikuwa imevurugwa. Nilikuwa na haraka ya kwenda kumzika baba yangu, na jibu la kweli lingenichelewesha.

Kazi yenyewe niliifanyia Kakamega mjini, katika chumba kilicho juu ya duka la mbolea, ambako harufu ya mbolea ilipanda ngazi ikaingia mpaka kwenye mto wa kulalia. Kampuni iliyoniajiri iko ng'ambo. Ilikuwa imepewa kandarasi ya kuufanya upya mfumo wa kompyuta wa jeshi la nchi fulani ya mbali, nchi ambayo sisi wafanyakazi wa mtandaoni hatukuwahi kuambiwa jina lake. Kabla ndege ya kijeshi haijaruka, kuna mtu anayekaa mezani akaipangia safari: ipite wapi, iruke juu kiasi gani, ibebe mafuta kiasi gani, ipige nini, iepuke nini. Kwa mfumo wa zamani kazi hiyo ilichukua siku nzima. Mfumo mpya ulitakiwa kuimaliza kabla chai haijapoa. Fungu langu lilikuwa kuhamisha jedwali la mahali pa kuepuka, kulitoa katika mfumo wa zamani na kuliingiza katika mpya.

Baba alikuwa akiishi nyumbani kwetu, karibu na Khayega. Alikuwa na fahali wa kupigana, mweusi mwenye baka jeupe shingoni, aliyejulikana Shinyalu nzima kuliko sisi watoto wake. Siku moja nilipomtembelea aliniuliza nafanya kazi gani siku hizi. Nikamwambia napanga safari za ndege.

"Ndege za nani?"

"Za jeshi la watu wa mbali, baba."

"Na zinabebanga nini?"

Nikamwambia mimi sishughuliki na mzigo, nashughulika na orodha tu. Akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda, kisha akainuka kwenda kumkatia fahali wake nyasi. Nilikasirika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na sikupenda mtu ambaye hajawahi kugusa kompyuta anitazame hivyo.

Jedwali lilitufikia likiwa limefutwa namba za ramani, kwa ajili ya usalama, kwa hiyo sikujua hata mahali pamoja palikuwa wapi. Kila mstari ulikuwa na namba yake, aina ya mahali, na mwishoni kabisa safu ya maelezo, ambamo wapangaji wa zamani waliandika walichotaka. Nakumbuka baadhi. "Kisima. Wanawake huja kabla ya jua kuchomoza." "Inaonekana ghala la silaha. Ni kiwanda cha matofali, uliza tena." Na mmoja ambao ulijirudia katika mistari mingi, kwa maneno yanayokaribiana: "Mahema meupe, moshi asubuhi na jioni, wanaume wengi wenye fimbo. Msiba. Huisha siku ya nne."

Mengi ya maelezo hayo yaliandikwa na mtu mmoja, mwanajeshi mstaafu aliyekuwa mpangaji wa safari kwa miaka mingi. Kampuni ilimleta katika mikutano yetu ya mtandaoni ili atuelekeze. Hakusikia vizuri, alisahau kufungua kipaza sauti, na kila hoja aliianza mbali. Vijana wenzangu walimdharau kimyakimya. Mimi nilimdharau waziwazi.

Ugomvi wetu ulikuwa juu ya safu hiyo ya mwisho. Mfumo mpya haukutaka maneno, ulitaka misimbo. Hospitali ina msimbo wake, shule ina wake, kisima, nyumba ya ibada, na kadhalika. Mstari wenye maelezo yasiyoingia katika msimbo wowote ulikataliwa na kugeuka mwekundu. Mistari mia kadhaa ilikuwa imegeuka myekundu.

"Msiba si jengo," mzee alisema katika mkutano mmoja. "Leo upo, kesho kutwa haupo, na mwaka ujao upo tena palepale, kwa sababu ukoo uko palepale. Utaupa msimbo gani?"

Nilimjibu kwamba kama jambo halina msimbo, basi jeshi halilihitaji. Wenzangu walicheka. Yeye alisubiri wamalize, akasema yasome moja moja, binti yangu, utafute njia. Nikaahidi. Na kweli niliyasoma kadhaa, nikaanza kuyatengenezea mahali pake katika mfumo mpya. Nilikadiria wiki mbili zingetosha.

Baba alifariki mwishoni mwa wiki ya kwanza kati ya hizo mbili. Kiharusi, zizini, ndoo ya maji mkononi. Mdogo wangu alinipigia simu akilia, nami nikalia naye, kisha nikafungua kompyuta. Kampuni ilinipa pole kwa maandishi mazuri na kunikumbusha kwamba kazi inakabidhiwa Ijumaa. Mazishi yalikuwa Jumamosi. Siku zile zote nilizoshinda mjini, nyumba ya baba ilijaa watu, na mtoto wake mkubwa hakuwepo.

Alhamisi alasiri mdogo wangu alipiga tena.

"Dada, mwili unatoka mochari kesho asubuhi. Watu wananiuliza uko wapi. Niwaambie uko na kompyuta?"

"Waambie nakuja leo."

"Ulisema hivyo Jumatatu. Mimi hata nimechoka kukuongopea. Ingekuwa wewe umekufa, baba angekuja kwa miguu."

Alikata simu. Nikabaki nimetazama mistari yangu myekundu. Halafu nikaandika amri fupi, maneno saba au manane: pale ambapo maelezo hayana msimbo, yafute, acha wazi. Nikabonyeza. Jedwali lote likawa la kijani, na moyo wangu ukatulia. Nasema kweli, ulitulia.

Mzee ndiye aliyetakiwa kuidhinisha. Alipitia mistari michache ya mfano, ya hospitali na shule, ambayo ilikuwa safi. Kisha akauliza, "Na maelezo ya pembeni? Yapo?"

"Yapo," nikasema.

Akanipa pole ya baba yangu. Aliuliza alikuwa mtu wa namna gani. Nikasema alifuga fahali, akacheka kidogo, akasema hata kwao wapo watu kama hao. Akaidhinisha. Giza lilipoanza kuingia nilikuwa nimefika Khayega, nimepiga magoti mbele ya mama nikiomba msamaha kwa kuchelewa.

Sisi tulivyo, mwenye fahali hazikwi kimya. Asubuhi ya mazishi, watu wa vijiji jirani walileta mafahali wao wamevishwa majani, wanaume kwa mamia wakikimbia nyuma yao na fimbo na matawi, ngoma za isukuti zikipigwa, filimbi, vumbi hadi huwezi kuona ng'ambo ya barabara. Walizunguka boma, wakalipitia kaburi, na fahali wa baba akatolewa zizini naye aungane nao. Hiyo ndiyo shilembe, heshima ya mwisho. Nyuma ya nyumba wanawake walikuwa wakipika obusuma, ugali wetu, katika masufuria makubwa na moshi ulifunga kila kitu. Mahema yalikuwa saba, yote meupe. Juu yetu droni ya mpiga picha wa mazishi ilikuwa ikivuma kama nyuki, na kina mama waliipungia mikono kila ilipopita.

Hakuna kilichonijia akilini. Nililia, nikacheza, nikala. Nilijiona nimefanya vizuri kuwahi.

Baada ya mwezi mmoja kampuni ilinitumia karatasi ya kutia sahihi: kwa mujibu wa mkataba, nifute nakala zote za jedwali la zamani zilizo kwangu, na wao wangefuta zao. Nikafuta. Mimi ni mtu wa kufuata utaratibu, jamani. Nikatia sahihi, nikapiga picha, nikatuma.

Video ya mazishi ilifika baadaye sana, maana mpiga picha alikuwa na mazishi mengi. Tulikaa sebuleni kwa mama, mdogo wangu akaiweka kwenye televisheni. Ilianza na picha kutoka juu. Boma letu lilionekana dogo. Mahema meupe saba, moshi upande wa nyuma, magari yamepangwa kando ya migomba. Halafu kutoka barabarani likaingia kundi la wanaume wakikimbia, weusi na wadogo, kila mmoja ameshika kitu kirefu mkononi. Hakukuwa na sauti. Mpiga picha alikuwa ameondoa ngoma ili aweke wimbo, na wimbo ulikuwa haujaanza. Bila sauti, na kutoka juu vile, walikuwa jeshi linalovamia.

Mama alisema, "Angalia walivyompenda." Mimi nilitoka nje nikaenda kando ya zizi, nikiyakumbuka maneno ya safu ile. Mdogo wangu alinifuata na maji, akidhani namlilia baba.

Usiku huohuo nilianza kuandikia kampuni, na asubuhi nikatuma. Nilieleza kila kitu: amri niliyoandika, uongo wangu, na maana ya maelezo yale. Niliomba waurudishe mfumo nyuma, waichukue nakala ya zamani kama ipo popote, nitafanya kazi bure. Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Walinishukuru kwa uaminifu. Walisema nakala zote zimeshafutwa kwa mujibu wa mkataba, na kwamba wateja wameridhika sana, hasa kwa kasi.

Iliyobaki ilikuwa kumwambia yule mzee. Nilikuwa na anwani yake tangu siku za mikutano. Nilimtafuta kwa simu ya video, akapokea akiwa jikoni kwake, kikombe mkononi. Alifurahi kuniona. Aliniuliza habari za mama yangu. Nikamwambia.

Hakufoka, na nilitamani afoke. Aliuliza tu, "Yote?" Nikasema yote yaliyokosa msimbo. Alitafuta kiti, akakaa, na kwa muda mrefu nilichokiona ni dari ya jikoni kwake, kwa sababu simu alikuwa ameilaza chali karibu na sukari. Aliporudi alikuwa na kalamu. Tulianza kukumbuka. Alisema bonde fulani, nikasema mimi silijui, namba za ramani hatukupewa. Nilisema kiwanda cha matofali, akasema viwanda vilikuwa vinne, hakumbuki ni kipi. Tulienda hivyo siku tano, saa moja moja. Tulipata thelathini na kitu, na tuliyoyapata tuliyatuma kwa jeshi lake kwa barua yake mwenyewe. Hajajibiwa.

Sasa nafuatilia habari za dunia, jambo ambalo sikuwa nikilifanya. Kila wanaposema ndege zimepiga mahali na watu waliokuwa wamekusanyika wamekufa, nazima kila kitu nisikilize. Wanataja nchi, nami sijui kama ndiyo ya jedwali langu; mzee kiapo chake hakimruhusu kuitaja. Mara moja walisema palikuwa na mahema. Hawakusema ya rangi gani. Nilimpigia mzee siku hiyo na hakupokea, wala siku iliyofuata.

Wiki iliyopita nilimtumia kipande cha video ya mazishi, dakika moja ile ya mwanzo isiyo na sauti. Sikumwambia ni nini. Niliandika tu: ungekuwa mezani ungeandika nini?

Alijibu jioni. Hakusalimu. Aliandika: "Mahema meupe saba, moshi upande wa nyuma, wanaume wengi wenye fimbo, wanakimbia na ng'ombe. Msiba wa mtu aliyependwa. Subirini." Chini yake akaongeza swali, kama nimepata mahali pa kuyaandika.