Mashine Iliyofuatwa na Wilbaro

Mwaka ule wa ukame mke wangu alianza kulala upande mmoja tu. Bega lake la kulia lilikuwa limekataa kulaliwa. Alikuwa na kibarua cha kufyeka nyasi katika chuo kimoja nje kidogo ya mji wa Machakos, na siku tatu kwa wiki alishinda ameinama, slasha ikienda na kurudi. Mimi nilikuwa na kibanda cha kutengeneza redio na pasi karibu na soko. Jioni tulikutana nyumbani sote hoi, tukanywa chai bila kusemezana sana.

Nilimwambia aache kazi ile. Hakutaka, nami nikachukulia kuwa ni ukaidi wake wa siku zote. Kila siku ya kazi alirudi na gunia la nyasi mgongoni, limeshikwa kwa mukwa, ule ukanda wa paji la uso, akammwagia ng'ombe wetu aliyekuwa na mimba kubwa. Chuo kilimwagilia nyasi zake maji ya jikoni, kwa hiyo zilikuwa kijani wakati shamba letu lote limebaki vumbi. Hayo yote niliyaona kwa macho. Kuyafikiria, sikuyafikiria.

Siku moja niliitwa chuoni kutengeneza kipaza sauti. Stoo, nyuma ya madawati yaliyovunjika, nikakuta mashine ya kukata nyasi, ya kutumia betri. Mwalimu wa kigeni aliyekuja nayo alikuwa amesharudi kwao. Mwenye stoo akaniambia, "Chukua tu, fundi. Hiyo kitu inatuzibia njia."

Niliipeleka kibandani nikiwa na furaha ambayo sikuwa nayo tangu mvua zikatike. Hili bega, nikajiambia, nimelipatia dawa.

Ilinichukua wiki tatu. Panya alikuwa amezalia ndani ya kifuniko. Kaboni za mota zilikuwa zimekwisha kabisa. Nikachukua za drili iliyokufa, nikazisugua kwa tupa mpaka zikakubali kuingia. Swichi ilikuwa imeyeyuka, nikaweka ya gari. Kisu nilikinoa mwenyewe. Betri zake mbili zilikuwa zimevimba kama maandazi. Nikazipeleka kuchajiwa, zikarudi vile vile. Nikatafuta betri mbili za gari, zile ambazo watu hutumia kuwashia televisheni, nikaziunganisha. Mota ikanguruma. Nilikuwa peke yangu kibandani, na nilipiga makofi.

Shida ni kwamba betri za gari ni nzito na magurudumu ya mashine yalikuwa ya plastiki. Nilizipandisha juu yake, zikaibonyeza mpaka kisu kikachimba udongo. Nikakaa chini nikafikiria kwa muda mrefu, kichwa kimechoka, na suluhisho nililopata niliona ni la kitaalamu kabisa: betri zikae kwenye wilbaro, waya mrefu utoke hapo hadi kwenye mashine.

Jumamosi asubuhi tukaenda chuoni kuijaribu. Nilimwonyesha mke wangu kila kitu, kisha nikashika mashine. Hapo ndipo swali lilipokuja: nani atasukuma wilbaro?

Akaisukuma yeye. Nilipopiga hatua, naye akapiga. Nilipogeuka, naye akazunguka na mzigo wa betri mbili, mdomo ameukaza. Mimi nilisikia mota tu. Tulikata kipande kizima mbele ya ofisi, safi kama kichwa kilichonyolewa, na wapishi wakatoka jikoni kutazama. Betri zilipoanza kuchoka nikazima, nikageuka nipongezwe.

Alikuwa amechuchumaa, anajaribu kuokota nyasi. Zilikuwa zimesagwa vipande vidogo, zimechanganyika na mchanga na majani makavu. Zilipita kati ya vidole vyake.

"Hii si nyeki, si nyasi," akasema. "Hii ni unga. Sasa ng'ombe itakula nini leo?"

"Tutakusanya kwa fagio."

Tukakusanya. Nyumbani ng'ombe alinusa, akapiga chafya, akageuza kichwa. Mke wangu alisimama pale zizini akimtazama mnyama yule na tumbo lake, na ndipo nikaelewa alichokuwa anafuata kule chuoni siku zote. Kazi ile ilikuwa ni gunia lile.

"Ulikuwa unanionea huruma bega," akasema. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Sasa unadhani nilihangaika kwa nini?"

"Wiki tatu, mzee. Na slasha ilikuwa hapo tu, nyuma ya mlango."

Ukweli ni kwamba wazo la kushika slasha mwenyewe halikuwahi kunipita kichwani, na kama lingepita ningelifukuza. Mimi nilikuwa fundi. Watu wa mjini walinijua nikiwa na bisibisi mkononi, na niliona aibu wateja wangu wanikute nimeinama kwenye nyasi za watu. Aibu yangu ilikuwa na uzito kuliko bega lake. Sipendi kuyaandika haya, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Jumatatu sikufungua kibanda. Nilichukua slasha nikaenda naye. Mteja mmoja alipita njiani na pasi yake kwapani, akasimama. "Fundi, niaje? Leo umehama?"

"Nakatia ng'ombe nyasi," nikamwambia, nikaendelea.

Kufika saa nne viganja vilikuwa vimetoka malengelenge na mgongo haukutaka kunyooka. Yeye alikuwa nyuma yangu, akizoa kwa mkono wa kushoto na kujaza gunia.

"Usiinue slasha juu hivyo," akasema. "Mimi ndivyo niliharibu bega."

Nikaishusha.