Muthokoi Niliomnyima Masila

Siku tatu kabla ya kufa, mume wangu aliniomba chumvi. Nikamnyima.

Sikumnyima kwa ukatili. Nilimnyima kwa sababu nilikuwa nimejua kusoma.

Masila alikuwa seremala hapa kwetu Katangi. Mwezi wa pili, daktari aliturudisha nyumbani na saratani yake ya tumbo. "Mama, mpe chochote anachoweza kumeza," alisema.

Nilisikia maneno ya mtu aliyekata tamaa. Mimi sikutaka kukata tamaa.

Nikampeleka Machakos mjini kwa Kitonga, anayetibu kwa Ayurveda, elimu ya kale ya Wahindi. Kitonga alimshika mshipa wa mkono, akamtazama ulimi, akamuuliza kuhusu usingizi, ngozi na baridi.

"Mwili wa mzee uko na hali mbili," akasema. "Upepo na maji, zimechanganyika. Kumponya siwezi, mama, nisikudanganye. Lakini tukizisawazisha, atakula na atalala. Chukua hii karatasi, usome yote polepole."

Nisome! Hakuna aliyewahi kuniambia hivyo nje ya darasa la watu wazima la Mwalimu Kavutha.

Karatasi ilikuwa na orodha mbili. Mwenye upepo aepuke maharagwe, pilipili na vitu vikavu. Mwenye maji aepuke chumvi, sukari, maziwa na mafuta.

Masila alikuwa na hali zote mbili. Nikakataza vyote.

Kilichobaki kilikuwa uji mwembamba wa wimbi.

Asubuhi iliyofuata nilirudi kutoka kisimani nikamkuta ameishika karatasi, penseli yake nyekundu ya useremala ikiwa sikioni.

"Mama Mwongeli, umeisoma yote?"

"Yote, baba! Kutoka juu mpaka chini. Mimi peke yangu!"

Akanitazama kwa muda mrefu. Kisha akatabasamu.

"Basi ibandike."

Nikapaka matone manne ya uji wa unga ukutani, nikaikandamiza hapo, kama chati za darasani kwetu.

Wiki tano zikapita. Kola ya shati ikawa kubwa kuliko shingo yake.

Jirani yangu Kamanthe akaja na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, likifuka mvuke. "Wewe, unauguza mtu ama unamshindisha njaa? Ata kuku wangu wanakula kumshinda!"

"Kamanthe, wewe hujui kusoma. Nyamaza."

"Haya, mwalimu." Akaondoka na bakuli lake.

Lakini Masila alikuwa ameshanusa.

"Niko na hamu ya hiyo," akasema. "Nipikie, uweke chumvi kidogo. Ata ya kulamba tu."

"Maharagwe yanaongeza upepo, chumvi inaongeza maji. Imeandikwa, baba."

"Imeandikwa," akakubali, akageukia ukuta.

Tulimzika Jumamosi.

Wiki iliyofuata niliibandua ile karatasi. Nyuma yake kulikuwa na maandishi.

Naomba mnielewe. Darasani sisi tunasoma ubao, tunasoma chati za ukutani. Vitu hivyo havina nyuma.

Nikasimama mlangoni penye mwanga, nikafuata kwa kidole: "Mwenye hali mbili asifuate makatazo ya orodha zote mbili kwa pamoja, atakosa chakula. Atulize kwanza hali inayomsumbua zaidi. Mgonjwa aliyedhoofika apewe kile anachotamani."

Chini ya maneno hayo kulikuwa na mstari mnene, mwekundu, wa penseli ya seremala.

Nikayasoma tena kutoka mwanzo.

Masila alikuwa ameyasoma. Alikuwa ameupiga mstari ule ili anionyeshe. Kisha nikaingia na ndoo yangu ya maji, nikijisifu kwamba nimesoma yote, naye akashindwa kuniondolea furaha hiyo.

Akanywa uji ule kwa wiki tano.

Watu wananiambia saratani ingemchukua tu. Ni kweli. Ingemchukua akiwa ameshiba.

Siku hizi darasani nageuza kila karatasi, hata ikiwa tupu, na wenzangu wananicheka.

Nanyi mnaosoma haya, mkimwona mnayempenda akifurahia kosa, msimwonee huruma. Mwaibisheni mapema, angali na mtu wa kumpikia.