Na Mdogo Wangu Mtamhamisha

Medali ya mdogo wangu naivaa sokoni. Ndiyo, sokoni, juu ya kitenge, nikiuza samaki wakavu. Anayeniambia kitu cha serikali hakivaliwi ovyo namjibu hivi: mlete mwenyewe aje aivae, mi nitamvulia mara moja.

Kabla ya jeshi alikuwa mchimbaji, krezeri kama tunavyosema hapa Kolwezi. Alikuwa akitoka shimoni amejaa vumbi mpaka kwenye kope, anadai chakula kabla ya kunawa, namfukuza na mwiko. Halafu siku moja akaja amenyoa kichwa. Mama yetu alilia kama ameshafiwa. Wakampeleka mashariki, vitani, na huko akabaki nyuma peke yake na bunduki ili wenzake wawavushe majeruhi mtoni. Waliovuka ndio waliotusimulia. Yeye hakuvuka, na mwili wake haukuonekana tena. Mkubwa mmoja wa jeshi akatuletea medali, akasema alikufa kishujaa, akala bukari yetu, ugali wa kwetu, akaenda zake.

Sasa utamliliaje mtu asiye na kaburi? Wazee wa kilio wakatuambia tuzike alichokivaa. Tukaweka ndani ya sanduku ovaroli yake ya uchimbaji na buti zake, tukamzika kwenye makaburi ya nyuma ya mtaa wetu. Jumapili nilikuwa naenda kukaa naye, namgombeza kidogo, moyo unatulia.

Kisha ikasemekana chini ya wafu wetu kuna shaba. Kampuni ikaamua kuhamisha makaburi yote, kila maiti na sanduku jipya. Msimamizi wao akapita na rangi nyekundu, anatia alama kwenye misalaba. Jirani yangu alininong'oneza, "Yaya, dada yangu, nyamaza tu." Kunyamaza kwa nini, nimeiba? Nikamwambia yule bwana ukweli, ndani kuna nguo za askari ambaye mwili wake haukurudi. Akafunika kopo lake la rangi.

"Pole, mama. Lakini hapa hakuna muntu. Nguo hatuhamishi, tutapitisha mashine."

Nikamsogelea. "Jeshi linasema huyu ni shujaa. Weye unasema si muntu. Mmoja wenu ni mwongo, nitajie ni nani!"

Akaliruka kaburi letu bila kulitia alama, akaenda la jirani.

Siku ya kuhamisha nilifika asubuhi na medali yangu kifuani, pamoja na rafiki zake wa shimoni, kila mmoja na sululu yake. Masanduku mapya yalipangwa kwenye majani. Nikachagua moja zuri, nikalikalia.

"Mama, toka hapo."

"Sitoki. Hili ni la mdogo wangu."

"Nitaita polisi!"

"Ita! Waambie waje wamfunge dada wa shujaa, watu waone!"

Jua likawaka, sikutoka. Wanawake waliokuja kuhamisha watu wao wakaacha vilio vyao wakaja kunizunguka. Mmoja akasema kwa sauti, "Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni!" Wakaanza kuimba nyimbo za kilio, na hakuna kaburi lililosogea tena. Mwishowe msimamizi akapunga mkono kwa hasira: achukue, aondoke.

Vijana wakachimba. Ovaroli ilikuwa imeoza, zipu tu ndiyo ilibaki nzima, na buti zimekunjamana. Niliviokota mwenyewe, sikutaka mkono wa mtu mwingine. Nililia, ndiyo. Halafu nikajifuta pua nikawaambia wabebe.

Kwetu, maiti mwenye neno moyoni hakubali kwenda kaburini kimyakimya. Anawavuta wanaombeba, anawapeleka mpaka kwa aliyemkosea. Sanduku lile lilikuwa jepesi kama kapu tupu, lakini tulipofika njiani nikaona vijana wanayumba.

"Yaya, anatuvuta!"

Wakaenda kushoto, wakarudi kulia, jasho linawatoka, kisha sanduku likageuka likaelekea moja kwa moja kwa msimamizi, aliyekuwa amesimama karibu na gari lake. Wanawake wakapiga kelele, "Mumuache aseme! Mumuache!" Bwana yule akaangusha kopo lake la rangi, akajitupa ndani ya gari, akapandisha vioo, akafunga milango. Sanduku likagonga mlango wake. Likagonga tena.

Vijana walikuwa wanacheza? Sijawahi kuwauliza, na sitawauliza.

Nikasogea mpaka kwenye kioo. Alikuwa amekumbatia usukani. Nikagonga kwa kidole, polepole, kama mgeni mwenye adabu.

"Tata, baba yangu," nikamwambia, "unakimbia nani? Si ulisema hakuna muntu?"