Mhariri Niliyemficha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimekaa uani kwetu Jadida nachambua karafuu, simu ikalia. Mwanamke akajitambulisha kuwa ni Bi Rukia, wa nyumba moja ya uchapishaji kule Unguja. Akasema, "Tumeusoma mswada wako wa wanawake wa Kojani. Tunautaka." Karafuu zikamwagika zote na sikuziokota. Niliuzunguka ua mzima simu ikiwa sikioni, mama yangu akidhani nimeumwa na siafu.

Nilikuwa na umri kama wako, ndio kwanza naanza kuandika. Riwaya ile niliisotea miaka mitatu, nikivuka kwenda kisiwani Kojani kila nilipopata nafasi, nikawasikilize kina mama wakizungumza. Lakini nilikuwa nimeijaza kila nilichokisikia, mwanzo hauonekani wala mwisho. Basi nikampelekea Maalim Kombo wa Chake Chake, mwalimu mstaafu ambaye kuhariri miswada ndiyo kazi yake. Iliporudi ilikuwa imejaa kalamu nyekundu: sura ya tano imekuwa ya kwanza, na mhusika mmoja ameondolewa kabisa. Nikaifuata kalamu ile mstari kwa mstari, nikachapa upya.

Fomu ya wachapishaji, niliyoijaza nilipotuma mswada, ilikuwa na swali: kuna mtu aliyekusaidia kuhariri? Nikaandika, "Hapana." Sikuwa na chuki na Maalim, hasha. Niliogopa watasema kitabu si changu. Ujana una uchoyo wa sifa, hata ile ya kuwatosha wawili.

Basi siku ile kwenye simu Bi Rukia akamalizia, "Tuna ombi moja tu. Mwisho unakuja ghafla. Tuandikie sura moja zaidi, wiki ijayo tuipate."

Nikaitikia inshallah, nikaandika siku tatu mfululizo. Kila nikiisoma, sura ile haifanani na zenzake. Siku ya nne nikaenda Chake.

Maalim alifurahi kuliko mie. Alimwita mkewe jikoni aje asikie, akanisimamisha nirudie maneno yote ya Bi Rukia. Kisha akauliza, "Na mie kwenye fomu uliniandika vipi?"

"Sikukuandika, Maalim. Nilisema sikusaidiwa."

Hakukasirika, angekasirika ingekuwa nafuu. Akasema taratibu, "Kitabu umetunga weye, binti yangu. Mie nimenyoosha tu. Lakini umewaambia na kunyoosha ni kwako, ndiyo maana leo wanakudai usichokuwa nacho. Mficha uchi hazai. Sura hii naweza kuishughulikia sasa hivi, ila siigusi mpaka wajue."

Nikampigia Bi Rukia palepale barazani, nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nikajua riwaya imeshazama.

"Uongo umeniuma, sitakuficha," akasema. "Kuhaririwa si kosa, na sisi pia tutakuhariri. Niletee ule mswada wenye kalamu nyekundu, nione nani kafanya nini. Halafu nitaamua."

Niliupeleka kwa meli iliyofuata. Wiki nzima simu haikunitoka mkononi. Simu ilipolia, nilikaa chini kabla ya kupokea.

"Maalim wako ni fundi," Bi Rukia akasema, "mpangilio wake hatuugusi. Lakini kila 'ntu' wako amemfanya 'mtu', kina mama wa Kojani wakawa wanazungumza kama wasoma taarifa ya habari. Lahaja yao tunairudisha kama ulivyoiandika mwanzo. Kitabu kinatoka."

Mwanangu, nilipiga vigelegele hadi jirani akaja kuuliza nani kaposwa. Sauti niliyoipenda kuliko zote katika riwaya ile niliifuta kwa mkono wangu, nikidhani mhariri hakosei. Nilipomtaja mhariri, na mie nikaonekana. Maalim nilipompa habari alicheka sana. "Hapo wamenishika," akasema, akavuta kiti tuianze sura ya mwisho. Jina lake limo katika ukurasa wa shukrani, na kila mgeni akija kwake alionyeshwa.

Basi nakuusia hivi. Ukituma mswada, mtaje aliyekushika mkono, na useme alifanya nini: alisahihisha herufi, alipanga sura, au aliandika upya. Siku hizi na kompyuta hunyoosha sentensi, nayo uitaje. Wasipokuuliza, sema katika barua yako, mstari mmoja unatosha. Yapo mashindano yasiyoruhusu msaada, kwa hiyo soma masharti kabla hujatafuta fundi. Na ule mswada wako wa kwanza, wenye makosa yake yote, usiutupe, kwani ndio shahidi wako. Mkono mmoja haulei mwana, na hakuna aliyemkana mwana kwa kuwa mkunga alikuwepo.

Mola aifanye kalamu yako nyepesi na ulimi wako mkweli, akujaalie wasaidizi wema, na wewe usione haya kuwataja. Amin.