Msimamizi wa Sebuleni

Mke wangu alistaafu ualimu, lakini ualimu haukukubali kumwachia. Wiki ile ile aliyoagwa shuleni, vijana wa kidato cha mwisho walikuwa wameshajaa sebuleni kwangu, mabegi yao yamezagaa mlangoni, na mimi mwenye nyumba nakunywa chai jikoni nikiwa nimesimama kama mgeni asiyetakiwa. Niliuliza kwa upole kochi langu limeenda wapi. Nikaambiwa limehamia chumbani, na kama nina haraka sana ya kukaa, nikakae huko.

Tangu hapo ndivyo tunavyoishi. Kila mwaka mitihani ya taifa ikikaribia, sebule inageuka darasa. Ukuta wa ujia umepakwa rangi nyeusi uwe ubao, kuanzia swichi ya taa hadi mlango wa bafu, kwa hiyo mtu akitoka kuoga na taulo lake anapita katikati ya milinganyo. Mtaani hakuna anayemwita mke wangu kwa jina. Ni Mwalimu tu, hata kwa wauza mboga. Mimi nami wanafunzi wamenipa langu: Babu Tiketi. Nilikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye garimoshi hadi nilipostaafu, ndiyo sababu moja. Sababu nyingine nadhani ni uso wangu. Uso huu sikuuomba. Mungu aliutengeneza, reli ikautumia.

Mwalimu ana namna yake ya kuandaa watu kwa mtihani. Hakuambii kitu. Anakaa kitini, anakunja mikono, anasema, "Haya, nifundishe mimi, sijui lolote." Ole wako uruke hatua. Atakuuliza kama mtoto wa chekechea, kwa nini hivi, kwa nini vile, mpaka utokwe jasho. Vijana wanalalamika, wanaapa hawarudi, kesho yake wanarudi na wenzao.

Sasa nije kwa Twiga. Alikuwa binti wa msusi mwenye saluni pale kona, mrefu kiasi kwamba alilazimika kuinama kuingia mlangoni kwetu. Mwaka wa kwanza alipofanya mtihani wa hesabu alirudisha karatasi yenye namba yake ya mtihani na karibu hakuna kingine. Masomo mengine alijikongoja akapita. Alitaka chuo cha uuguzi, na huko bila hesabu hupokelewi. Mama yake alimleta alasiri moja, mikono bado inanukia mafuta ya nywele, akasema mbele yake:

"Mwalimu, mwaka huu ndio mwisho. Akianguka tena, kuna kiti kinamsubiri saluni. Sisemi kusuka ni kazi mbaya, imenilea mimi na imemlea yeye. Lakini huyu tangu mdogo anawafunga wanasesere bandeji. Sitaki anishikie kitana huku moyo wake uko wodini."

Twiga alikuwa anaangalia sakafu.

Mwalimu akampokea, na hapo ndipo tulipopotea njia. Aliamini, kama mwalimu yeyote angeamini, kwamba mtoto aliyerudisha karatasi tupu hajui. Basi akamshushia maswali ya mitihani iliyopita, rundo juu ya rundo. Twiga akayala yote. Ukimsimamisha ubaoni ili amfundishe Mwalimu, anakwenda bila kukwama, mpaka Mwalimu mwenyewe anakosa cha kuuliza. Lakini ukifika wakati wa jaribio, wote wamekaa kimya na Mwalimu anapita kati ya meza, karatasi ya Twiga inarudi nusu tupu. Mke wangu, ambaye sijawahi kumwona akishindwa na mtoto wa mtu, akaanza kumimina chai na kuisahau.

"Huyu mtoto anajua," aliniambia. "Anajua kabisa. Sasa kinampata nini?"

"Labda mvivu."

Jicho alilonitupia lilinirudisha jikoni bila kuaga.

Tuligundua kwa bahati tu. Jaribio lilikuwa linaendelea, upepo ukaanza kupeperusha karatasi, nikaingia kufunga dirisha lililo nyuma ya kiti cha Twiga. Kalamu yake nilikuwa naisikia tangu mlangoni, inakwaruza vizuri, haina wasiwasi. Nilipofika nyuma ya mgongo wake, kimya. Komeo la dirisha lile ni bovu, nikahangaika nalo kidogo, nikatazama chini: mabega ya mtoto yamepanda hadi masikioni, kalamu imeganda hewani. Nikaondoka. Baada ya muda ikaanza tena, kwa woga woga. Akapita Mwalimu, ikasimama.

Nikamvuta mke wangu ujiani, nikamweleza nilichoona. Hali ile naijua. Kazini nimewaona abiria wa namna hiyo kila siku ya Mungu: tiketi anayo, kaikata kihalali, imo mfuko wa shati, lakini ukisimama mbele yake anapekua begi lote hadi kwenye soksi na haioni. Asiye na tiketi ndiye anayekutazama usoni na kukuuliza habari za nyumbani.

"Kumbe si hesabu," Mwalimu alisema polepole. "Ni msimamizi."

"Sasa utaenda kuwaomba wasimamizi wasitembee?"

"Hapana." Alinitazama kuanzia viatuni hadi utosini, nikajua nimekwisha. "Dawa ya moto ni moto. Kavae lile koti lako la kazi."

Ndivyo nilivyorudishwa kazini uzeeni. Mwalimu alitoa amri, moja kwangu na moja kwa Twiga. Mimi nitembee kati ya meza, nisimame nyuma ya Twiga kwa muda nitakaopenda, na kutabasamu ni marufuku. Twiga asiruhusu mkono kusimama. Babu akiwa nyuma na kichwa kikiwa hakina kitu, nakili swali lenyewe. Likiisha, lirudie. Andika chochote, ila kalamu isiinuke.

Siku za mwanzo zilichekesha na kuhuzunisha kwa pamoja. Karatasi ya kwanza ilikuwa na swali moja la pembetatu lililoandikwa kutoka juu hadi chini, kama adhabu ya mtoto mtukutu. Mwalimu akaisahihisha kwa wino mwekundu: "Vizuri. Mkono haukusimama." Mimi nilikuwa naumia. Si kazi rahisi kumkazia uso mtoto aliyeingia na kukusalimia kwa adabu, "Shikamoo babu," nawe unajua muda si mrefu utamtia tumbo joto. Siku moja nikamkonyeza kidogo, kumpa moyo. Mwalimu alinitoa nje mbele ya darasa zima.

"Ukimchekea unamharibu," alisema. "Huko aendako hakuna wa kumkonyeza."

Basi nikakaza. Na mimi nikikaza, nakaza kweli. Siku iliyofuata nilivaa hadi kofia. Nikasimama nyuma ya Twiga, nikakohoa kile kikohozi cha behewani kinachoamsha waliolala na wanaojifanya wamelala, halafu nikagonga meza yake kwa kifundo cha kidole, kama tulivyokuwa tukigonga viti. Twiga aliangusha kalamu, akainuka kwa ghafla, akagonga taa kwa kichwa, akatoka nje bila begi lake.

Kesho yake hakuja. Wala siku iliyofuata. Na mtihani ulikuwa unabisha hodi. Mwalimu hakunilaumu hata kwa neno moja, na heri angenilaumu.

Nikapiga moyo konde, nikabeba begi la mtoto nikaenda saluni. Mzee kama mimi kuingia mahali pale ni sawa na kupanda jukwaani: mazungumzo yalikatika, vichwa vilivyosukwa nusu vikanigeukia vyote. Na Twiga alikuwepo, kwenye kiti kile kile alichotabiriwa, ameshika kitana, anamgawia mama yake mafungu ya nywele. Nilipomwona pale moyo uliniuma.

"Babu, umekuja kusuka?" aliuliza mteja mmoja.

Nikavua kofia, wakaona upara. Saluni nzima ikavunjika mbavu. Hata Twiga alicheka, akaficha uso nyuma ya kitana.

"Nimekuja kumtafuta abiria wangu," nikasema. "Kashuka kabla ya kituo chake."

Kicheko kikapoa. Twiga akasema, "Babu, juzi ulinitisha kweli."

"Najua. Nilizidisha. Nisamehe, mjukuu wangu. Lakini sikufichi, ukirudi nitakutisha tena. Nataka hicho kitisho kikuchoshe hapa kwetu, mahali penye chai na biskuti, kabla hujakutana nacho kule."

Msusi alikuwa ameacha kusuka. Alimtazama binti yake, kisha akamnyang'anya kitana.

"Umesikia? Nenda. Hizi nywele hazikimbii."

"Kweli hazikimbii," akasema mteja mwenye kichwa chake. "Nenda, mwanangu. Ila mzee atuachie hiyo kofia."

Akarudi. Sikumpunguzia kitu: koti, kofia, kikohozi, nyendo za kuja na kusimama ghafla. Maswali yaliyonakiliwa yakaanza kupungua kwenye karatasi zake na majibu yakaongezeka. Zipo siku alirudi nyuma, akanakili ukurasa mzima, na Mwalimu akaandika tena "Vizuri" kwa wino ule ule bila kununa. Nilianza kuamini, halafu nikajikataza kuamini, maana mtu mzima akivunjika moyo hapati pa kuulilia.

Alasiri moja mawingu yalifunga, sebule ikawa na giza giza. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Twiga kwa muda mrefu, nimenyooka, nimekunja uso, nikimsikiliza anavyoandika. Akasema bila kuinua kichwa wala kusimamisha kalamu:

"Babu, unaniziba mwanga."

Nikasogea. Kisha nikaenda zangu jikoni, nikamkuta Mwalimu amesimama nyuma ya mlango ameziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo. Alikuwa amesikia. Alinimiminia chai, akaniwekea sukari, na safari hii hakuisahau.

Siku ya mtihani wa hesabu tulisimama nje ya geti la shule, Mwalimu, msusi na mimi, roho juu juu. Sebuleni ni sebuleni. Pale ndani kulikuwa na msimamizi asiyejua kuwa kuna msichana anayeganda, na hata angejua asingejali. Msusi alikuwa amefunga saluni mchana kweupe, jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kuliona. Mwalimu, aliyezoea kuwaambia vijana watulie, alikuwa anazunguka gari la mtu mwingine lililoegeshwa pale.

Kengele ikalia. Watoto wakamwagika, wengine wakicheka, wengine wakibishana majibu. Twiga tulimwona mapema kwa sababu kichwa chake kinapita vya wenzake. Hakuwa anacheka. Msusi alinishika mkono wa koti.

"Vipi?" Mwalimu akauliza, na sauti yake haikuwa ya Mwalimu.

"Karatasi hazikutosha," Twiga akasema.

"Hazikutosha vipi?"

"Za kujibia. Ziliniishia kwenye swali la mwisho. Nikanyoosha mkono nikamwita msimamizi."

"Ulimwita wewe?"

"Mimi mwenyewe. Akaniletea, halafu akabaki hapa hapa," akaonyesha nyuma ya bega lake, "anaangalia ninavyoandika. Nikaendelea tu mpaka nikamaliza."

Sijui kama nimewahi kushusha pumzi kama nilivyoshusha pale. Nilitaka kukaa chini. Nilifungua mdomo kuuliza jibu la swali la mwisho lilikuwa ngapi, Mwalimu akanikanyaga mguu. Matokeo yalipotoka alikuwa amefaulu, na sasa yuko chuoni anajifunza kuchoma watu sindano. Lakini mimi furaha yangu niliimalizia pale getini.

Aliyekaa chini ni msusi. Alikaa ukingoni mwa barabara, na aproni yake ya kazi, akaanza kulia kwa sauti kubwa, kilio cha mtu aliyekibeba mwaka mzima. Watoto waliokuwa wanapita wakasimama kutazama. Twiga akachutama mbele yake.

"Mama, inuka. Watu wanatuangalia."

"Waache waangalie," msusi akasema.

Twiga akawatazama watu, kisha akakaa chini kando ya mama yake.