Siku Senga Mactaggart Aliposhika Fimbo Tena

Senga Mactaggart hajui kukaa. Nyumba yangu ni ya pili kutoka kwake, hapa Kintyre, Uskoti, na kwa miaka ishirini na sita sijamwona akimaliza kikombe cha chai akiwa kitini. Amewahi kupindua shayiri kwenye sakafu ya kiwanda cha wiski, akatengeneza jibini, akafungasha kamba wa kupelekwa Uhispania, akafua mashuka ya hoteli. Kila kazi aliifanya vizuri, na kila kazi aliiacha. Hii ya kuwaendesha wageni wa gofu ndiyo iliyomdumu, nadhani kwa sababu yenyewe haitulii: asubuhi uwanjani, mchana chaza na samaki wa moshi, jioni kuonja wiski kwenye mapipa, kesho yake kivuko cha kwenda kisiwa cha Islay.

Sote tulidhani tunajua kinachomsumbua. Baba yake alikuwa mtunza nyasi wa uwanja wetu wa gofu, ule wa kando ya bahari, akamlea binti yake fimbo mkononi. Alipofika miaka kumi na tisa, Senga aliwashinda wasichana wa pwani yote ya magharibi, na chuo kimoja cha Marekani kikamwita akasome na kukichezea. Wiki tatu kabla ya safari, mama yake, Bi Peigi, akapatwa na kiharusi, upande wa kushoto ukafa. Senga akatoa nguo begini akazitundika kabatini. Fimbo akazipandisha darini. Hakuzigusa kwa miaka thelathini na saba, wala hakulalamika. Ila alikuwa akimlisha mama yake uji harakaharaka, kama mtu anayeitwa nje.

Septemba iliyopita aliwaleta Wakanada wanne, wageni wa ile safari ya gharama, hoteli nzuri na vyakula vya huku. Asubuhi ya siku ya tatu mmoja wao akaamka mgongo umemkaza, hawezi hata kuinama avae viatu. Walikuwa wamepanga kushindana wawili kwa wawili. Mimi ni mpishi wa klabu. Nilikuwa natoka na bakuli za supu nilipomsikia Dougald, mkuu wa wabeba mifuko ya fimbo.

"Mchukueni Senga," aliwaambia. "Alikuwa akitupiga sote hapa nyie mkiwa bado mnanyonya."

"Nyamaza, Dougald," Senga akamkatiza.

"Kwani uongo?"

"Nina gari la kuosha."

"Umeshaliosha mara mbili tangu asubuhi. Utalichubua rangi."

Kiongozi wa wageni, daktari wa meno anayeitwa Thibodeau, akacheka. "Dada, unatusaidia au unatuogopa?"

"Nikuogope wewe? Jana uliupiga upepo mara ngapi, bwana, mpira ukikutazama?"

Wenzake wakamcheka, na Senga akachukua fimbo za yule mgonjwa.

Shimo la kwanza la uwanja wetu linavuka ghuba. Usipouvusha mpira, unacheza ufukweni. Wa Senga haukuvuka. Dougald alicheka hadi akakohoa. Senga akashuka na viatu vyake vya kuendeshea gari, akasimama kwenye mchanga wenye maji, akaupiga mara moja. Mpira ukapanda juu ya vilima vya mchanga, ukatua hatua tatu kutoka shimoni. Hapo hakuna aliyecheka tena. Mimi nikamwachia mwenzangu sufuria nikawafuata.

Kufikia shimo la saba, yeye na Thibodeau walikuwa mbele kwa mashimo matatu. Upepo ulivuma kwa ubavu, naye aliusoma kama anayesoma barua ya ndugu. Lakini kuanzia la kumi nikaona jambo. Alikuwa anatangulia. Thibodeau akichuchumaa kupima mwinamo wa nyasi, akisimama, akichuchumaa tena, Senga aliangalia bahari, akaangalia saa. Kwenye la kumi na nne akaniegemea.

"Hivi huu mchezo ulikuwa mrefu namna hii siku zote?"

"Umechoka?"

"Mwili haujachoka. Nataka tu uishe."

Walishinda. Thibodeau akamwagizia wiski yenye umri wa kuheshimika. Senga akanywa funda moja, akashukuru, akatoka. Nilimkuta ndani ya gari, mikono kwenye usukani, injini imezimwa.

"Miaka yote hii nimemnunia mama," alisema. "Namvisha soksi, moyoni nasema, ningekuwa kule Marekani. Kumbe kule nako ningetoroka mwaka wa pili. Twende wote kwake nikamwambie. Nikienda peke yangu nitageuza gari."

Bi Peigi alikuwa dirishani, bakuli la njegere mapajani. Senga akamwambia yote akiwa wima, bila kupumzika. Mama akaendelea kumenya kwa mkono wake mmoja hadi akamaliza.

"Nilijua. Unadhani uji wa kinyongo hauna ladha?"

"Nisamehe, mama."

"Nimeshakusamehe zamani. Kaa."

Akakaa. Goti likaanza kutikisika. Bi Peigi akalitazama.

"Ulitembea una miezi minane. Baba yako akakufunga kamba kwenye mguu wa meza, ukaja jikoni na meza. Si fimbo zilizokutia wazimu huo, mwanangu. Ulizaliwa nao. Ninachojiuliza ni mbona hujaenda kokote."

"Ningekuacha na nani?"

"Dada yako wa kule mjini Oban ana chumba kitupu. Mimi nangoja useme, na wewe unangoja nife. Tumepotezeana wakati."

Senga akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, njegere zikamwagika. Nikatoka nje nikawaacha.

Kesho yake aliwapeleka wageni Islay, kivuko hakikumwacha. Novemba alimhamishia Bi Peigi Oban, yeye akashika njia: Ureno, Moroko, halafu mahali ambapo muhuri wa kadi ya posta aliyonitumia ulifutika nikashindwa kupasoma. Machi akarudi, amekonda, pua imebabuka kwa jua, na siku hiyohiyo akaenda kumchukua mama yake. Aliniambia walibishana njia nzima kuhusu kioo cha gari, kifunguliwe au kifungwe.